Krismasi ya ukoo mzima Marangu: ibada tuiweke wapi isimezwe na nyama, pombe na katuni?

MjukuuWaMarangu (mleta mada)

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wengine wote habari za jioni.

Naomba mpango, mahubiri nitayasikia kanisani. Mwaka huu ukoo unakutana kwa wazazi, Marangu, huko Kilimanjaro, kuanzia tarehe 22 Desemba. Tutakuwa kama watu 20, humo watoto 8. Wazazi ni KKKT (Walutheri), nusu ya wakwe ni Wakatoliki, yuko dada anayesali Kipentekoste na shemeji mmoja Mwislamu. Hakuna anayepinga ibada. Shida ni kwamba ibada haina mwenyewe: wanaume wako kwenye nyama, kina mama jikoni, vijana kwenye simu, watoto kwenye katuni, na mwishowe anayekwenda kanisani ni Bibi peke yake.

Nauliza haya. Kabla ya safari tumetawanyika Dar, Arusha na Mwanza, Majilio (majuma ya kungojea Krismasi) tuyafanyeje? Tarehe 24 na 25 ratiba iweje, saa kwa saa? Na michango ya sikukuu tuigawe vipi ili sadaka na majirani wasibaki na makombo?

MwinjilistiMstaafu

Mleta mada, umesema kweli, ibada haina mwenyewe. Nyama ina mwenyewe, mbege (pombe yetu ya ndizi) ina mwenyewe, hata muziki una kijana wake wa spika. Kwa hiyo anza hapo: mteue mtu mmoja, mapema, na tarehe 23 jioni atangaze saa. Asiwe Babu. Babu ataongoza sala, lakini kazi ya kuzima televisheni na kuita watu kutoka kwenye migomba apewe mtu wa miaka 30 mwenye sauti.

Sasa nyama, maana ndiyo inayowaondoa wanaume kanisani. Chinjeni tarehe 23, ikishindikana 24 asubuhi na mapema. Asubuhi ya 25 msiguse kisu. Mbuzi mmoja kwa watu wawili wanaojua kazi huchukua saa moja na nusu hadi mbili, kuchinja, kuchuna na kukata. Ng'ombe ni nusu siku na watu watano au sita. Lakini anayewachelewesha si mnyama, ni ule moto wa pembeni: ini, figo, mbavu za kuonja, kisusio (mchuzi wa damu) kinachemka, na kila anayepita anakaa. Mkichinja 25 saa kumi na mbili asubuhi, mtu wa mwisho atanyanyuka pale saa sita mchana. Mkichinja 23, moto huo unageuka kuwa kikao kizuri cha kaka na shemeji wasioonana mwaka mzima, na hauibi saa ya mtu yeyote. Nyama ya pilau na ya mtori ichemshwe siku hiyohiyo kwa chumvi na tangawizi, ipoe, ifunikwe. Kama hakuna friji, ichemshwe upya asubuhi na jioni kila siku mpaka itumike. Baridi ya Marangu isiwadanganye.

Jikoni ndiko dhuluma kubwa iliko, na wanaume tuisikie. Kina mama hukosa ibada kwa sababu chakula kinatakiwa kiwe mezani saa saba na kazi zote zimeachwa mpaka siku yenyewe. Tarehe 24 mchana yafanyike haya: kuchagua mchele (watu 20 ni kilo 3, wakiwa walaji sana 3 na nusu), kumenya vitunguu saumu na kuvitwanga, kukaanga na kusaga viungo, kuosha sufuria kubwa, kupasua kuni. Ndizi za machalari (ndizi za kupika na nyama) ndizo zisizomenywa jana yake. Zinakuwa nyeusi, na zikilala kwenye maji zinapoteza ladha. Zimenywe 25 na waliorudi kutoka ibada ya kwanza. Sharika nyingi zina ibada mbili asubuhi hiyo. Gawaneni: kundi moja ibada ya kwanza, jingine ya pili, na wanaume wawe kwenye makundi yote mawili ya jikoni. Pilau ya nyama iliyokwisha kuchemshwa na viungo vilivyosagwa ni saa moja tu.

Kwa kuwa 25 mtakwenda kwa zamu, ibada ya pamoja ya ukoo iwe jioni ya 24, saa moja kamili, kabla ya chakula. Ikiwekwa baada ya chakula watoto wamelala na wazee wanasinzia. Dakika 25, zisizidi. Wimbo beti mbili, sala fupi, Isaya 9:2-7, Luka 2:1-20 kwa wasomaji watatu (1-7, 8-14, 15-20), Babu dakika tano, maombi, Baba Yetu, wimbo. Wasomaji wawe watoto wa miaka 9 hadi 13 na wapewe sehemu zao siku mbili kabla. Aya ya pili ina "Kirenio alipokuwa liwali wa Shamu" na kila mtoto hukwama hapo, wenzake wanacheka, naye anasoma zilizobaki kwa sauti ya panya. Mfanyisheni mazoezi ya sentensi hiyo moja, basi.

Kitu kinachoharibu ibada za ukoo ni pale mwongozaji anaposema "kama kuna mwenye neno." Hapo mjomba anasimama, anaanza na 1978, na dakika 25 zinakuwa saa moja na nusu. Salamu na hotuba zina wakati wake, baada ya chakula.

KatekistaWaKigango

Nakubaliana na Mwinjilisti karibu kote. Naongeza upande wa Majilio, kwa sababu mtu akianza kumfikiria Kristo tarehe 24 saa moja jioni huku ametoka kusafiri mwendo wa saa kumi kwenye basi, hata Isaya hatamsaidia.

Majilio huanza Jumapili ya nne kabla ya Noeli, kwa hiyo ni kati ya 27 Novemba na 3 Desemba, na urefu wake ni siku 22 hadi 28. Krismasi ikiwa Ijumaa kama 2026, yanaanza 29 Novemba na ni siku 26. Kila kaya, Dar, Arusha, Mwanza, iwe na shada lake la Majilio, yaani duara la matawi lenye mishumaa minne. Hili si jambo la Wakatoliki peke yao. Aliyelianzisha ni mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, huko Hamburg mwaka 1839, kwa watoto aliokuwa akiwalea, waliokuwa wakimuuliza kila siku Krismasi lini. Lake lilikuwa gurudumu lenye mishumaa minne mikubwa ya Jumapili na midogo ya siku za katikati.

La nyumbani tengenezeni hivi. Chukua sinia la bati, si la plastiki. Weka mchanga mkavu kina cha vidole vitatu. Chomeka mishumaa minne ya kawaida ya dukani, iwe mbali na ukingo na mbali na mwenzake kiasi cha kiganja. Zungushia matawi mabichi, yale ya miti ya uzio inayokatwa Krismasi yanafaa. Mishumaa ya zambarau ni shida kuipata, kwa hiyo funga utepe wa zambarau chini kwenye mitatu na wa waridi kwenye mmoja. Huo wa waridi ni wa Jumapili ya tatu, Dominika ya Furaha. Matawi yabadilishwe kila baada ya siku kumi hivi. Yakikauka yanashika moto kwa cheche moja, na ajali nyingi za shada huanzia hapo, matawi makavu na utepe uliofungwa juu karibu na utambi.

Washeni kila jioni dakika kumi tu, wiki ya kwanza mmoja, ya pili miwili, na kuendelea. Piga hesabu kwa Majilio ya siku 26: mshumaa wa kwanza utawaka dakika 260, wa pili 190, wa tatu 120, wa nne 50. Kwa hiyo ununue minene kidogo, ile myembamba ya kukatika umeme haifiki mwisho. Na tarehe 24 mishumaa inatakiwa iwe imeshuka kama ngazi. Ikiwa imelingana, watoto watakuambia wenyewe ni jioni gani mlizozikwepa.

Masomo je? Wengi siku hizi husoma Luka sura moja kwa siku kuanzia 1 Desemba, kwa kuwa ina sura 24. Watu wazima waendelee. Watoto inawashinda, maana sura ya kwanza peke yake ina aya 80, na tarehe 22 na 23 mko kwenye mateso na msalaba wakati wao wanasubiri hori. Kwao bora novena ya siku tisa, 16 hadi 24:

16: Luka 1:5-25
17: Luka 1:26-38
18: Mathayo 1:18-25
19: Luka 1:39-45
20: Luka 1:46-56
21: Luka 1:57-66
22: Luka 1:67-80
23: Isaya 9:2-7
24: Luka 2:1-20

Grupu la WhatsApp la ukoo litumike kwa hili: kila siku kaya moja inarekodi somo kwa sauti na kutuma saa mbili usiku, isizidi dakika tatu. Wekeni sharti kuwa saa hiyo hakuna kusambaza picha za maua yanayometameta na "Merry Christmas". Zikianza hizo, somo linazama na halisikilizwi tena.

Kwa Wakatoliki mtakaokuwa Marangu: kitubio msingoje tarehe 24. Padri mmoja ana vigango (makanisa madogo ya parokia) kadhaa, foleni inakuwa ndefu, na mtu anaishia kuungama akiwa ameangalia saa. Ungameni mlikotoka, wiki ya tatu ya Majilio. Kama kuna mzee au mgonjwa Mkatoliki asiyetoka nyumbani, kuna utaratibu wa kumpelekea Komunyo, lakini unaombwa mapema kwa katekista au kiongozi wa jumuiya.

Na jambo la kuwaeleza watoto kabla: mkienda pamoja kanisa la mwenzenu, Mlutheri hapokei Komunyo kwenye Misa, na Mkatoliki hapokei chakula cha Bwana kwenye ibada ya Kilutheri. Mtoto asigundue hilo akiwa kwenye mstari. Pia mwelewane kuhusu Baba Yetu ya tarehe 24. Wakatoliki husema "ufalme wako ufike, utakalo lifanyike", Walutheri "ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe", halafu Wakatoliki wanaishia "maovuni" na wengine wanaendelea na ufalme na nguvu na utukufu. Mkiwa kwa wazazi, semeni ya wazazi.

Mnyonge_wa_Hesabu

Nijibu la michango, wengine wamemaliza ya mbinguni.

Kosa ni kuanza na nyama na kumalizia na sadaka. Geuzeni. Mfano mmekusanya 1,200,000. Kabla haijaguswa, toeni moja ya kumi, 120,000, iwe sadaka ya Krismasi ya ukoo. Nyingine 120,000 iwe vikapu vya majirani. Nyingine 60,000 ya dharura, kwa maana kuna gesi itaisha na kuna mtoto ataugua tumbo. Zinabaki 900,000 za mnyama, mchele, mafuta, vinywaji. Mnyama akipanda bei, mnabadilisha mnyama, hamgusi zile tatu za juu. Ng'ombe anakuwa mbuzi wawili, hakuna atakayekufa.

Kikapu kimoja kiwe na mchele kilo 2, sukari kilo 1, mafuta nusu lita, chumvi, sabuni ya mche na nyama kilo moja. Majina yatoke kwa mzee wa kanisa au kiongozi wa jumuiya, yeye anajua mjane gani amesahauliwa, nyinyi wa mjini mtawapelekea wale mnaowafahamu. Kipelekwe tarehe 23 jioni au 24 asubuhi. Ukipeleka 25 saa kumi jioni umepeleka chakula cha 26, siku yenyewe ameshashinda na uji. Na apeleke mtu mzima mmoja na mtoto mmoja, bila simu ya kupiga picha.

Nauli na ada za Januari zisiingie kwenye mfuko huu. Kila kaya iziweke pembeni kabla ya kuchangia, na asiyeweza kuchangia aseme mapema na apewe kazi badala ya fedha. Mtu anayekopa ili achangie ng'ombe, hata ibada yenyewe haimwingii.

Kisima_cha_Kweli

Samahani kuvuruga uzi. Mbona hakuna anayesema kwamba tarehe 25 Desemba haimo kwenye Biblia? Mnapanga mishumaa ya siku ambayo mitume hawakuiadhimisha.

KatekistaWaKigango

Haimo, ndugu, na hakuna aliyedai imo. Ushahidi wa zamani tulio nao wa sikukuu kuwekwa 25 Desemba ni kalenda ya Roma ya mwaka 354. Waorthodoksi wa Ethiopia wanaadhimisha 7 Januari, na Mtoto ni yuleyule. Aya zilizotajwa humu zote zinasomeka hata mwezi wa Juni. Kama kwenu hamuadhimishi, someni Luka 2 siku mnayotaka. Tusiugeuze uzi, mleta mada kaomba ratiba.

MjukuuWaMarangu

Asanteni sana, nimeshaanza kuiandika. Yamebaki mawili yanayonisumbua. Shemeji Mwislamu tumweke wapi asione ametengwa wala hajalazimishwa? Na mbege: wazee wakianza asubuhi, mchana hakuna anayesikia la mtu.

MwinjilistiMstaafu

Shemeji kwanza ale. Mnyama achinjwe na Mwislamu, ndivyo inavyofanyika kwenye sherehe nyingi za watu mchanganyiko na haimpunguzii Mkristo chochote. Kama kuna kitimoto (nyama ya nguruwe), ipikwe upande mwingine na sufuria, mwiko na kisu chake, na walioipika wasije kupakua pilau. Mwambieni mapema kwamba hilo limeshughulikiwa, asikae na wasiwasi mezani. Jioni ya 24 mwelezeni kuna ibada ya dakika 25, akikaa karibu, akipumzika chumbani hakuna neno. Wengi hukaa. Habari za Maryamu na Isa anazijua kwenye Kurani, lakini msimgeuze kuwa mada, na huyo dada wa Kipentekoste aombwe kwa upole asianze kumwombea kwa jina mbele ya watu. Kazi inayomfaa vizuri ni ulinzi wa nyumba na moto wa jikoni wakati wengine wako kanisani, kama yeye mwenyewe akijitolea. Asipangiwe.

Mbege ni suala la saa. Kukataza hamtaweza, na atakayejaribu atashinda siku nzima kwenye ugomvi na wazee. Semeni: mtungi haufunguliwi mpaka chakula cha mchana cha 25 kiwe kimebarikiwa na kuliwa. Anayeshika ufunguo wa chumba ulipo awe mama mkubwa, hapo hamna wa kubishana. Soda na maji ya watoto yasikae chumba hichohicho, vinginevyo mlango utafunguliwa mara hamsini. Na kama kuna mzee anayetaka kumwaga mbege ya mababu kwenye isale (mmea wa mila wa Wachaga) kabla ya watu kunywa, zungumzeni naye faraghani tarehe 22, kijana na mzee wa kanisa pamoja. Mkisubiri akiwa ameshika kata mbele ya ukoo, ni aibu kwake na kwenu.

Jingine mlilosahau: kikao cha ukoo. Wengi hukipanga 26 asubuhi kwa kuwa kila mtu yupo, na ajenda ni mipaka ya kihamba (shamba la ukoo). Kikishikwa 24 au 25 kwa "kuokoa muda", Krismasi imekwisha. Kiwe 27. Tarehe 26 iachieni ndoa na ubatizo, Desemba mlimani watu wamejaa na kadi zitakuja tu.

Dada_wa_SundayScho

Watoto wamepitiwa juujuu. Televisheni ukiizima bila kuweka kitu, utaiwasha tena baada ya nusu saa. Wape igizo la kuonyeshwa 24 mara baada ya somo, dakika kumi. Watoto 8 wanatosha: Mariamu, Yusufu, malaika, wachungaji watatu, mwenye nyumba ya wageni, msomaji. Kanga kwa Mariamu, shuka nyeupe kwa malaika, mablanketi ya kimasai kwa wachungaji. Maneno yawe yaleyale ya Luka, msitunge. Mdogo kabisa apewe mbuzi wa kweli au kazi ya kulia "mee", hapo hatasumbua. Malaika asishike mshumaa, shuka na moto ni hatari, apewe tochi.

Pango la kuzaliwa Yesu nalo litengenezwe nao, tarehe 23. Huko mnayo majani makavu ya migomba na mawe, kununua sanamu si lazima, udongo wa mfinyanzi unatosha. Hori libaki tupu mpaka mwisho wa somo la 24, ndipo mtoto mdogo anamweka Yesu. Mamajusi wasiwekwe pangoni. Mathayo 2:11 inasema waliingia nyumbani, na idadi yao haikutajwa. Waanzie dirisha la mbali kabisa, na kila asubuhi mtoto mmoja awasogeze kidogo, wafike 6 Januari au Jumapili ya Epifania (sikukuu ya kufika kwao) iliyo karibu. Mtakaoondoka mapema, Bibi atawasogeza, na mtoto atapiga simu kuuliza wamefika wapi.

Zawadi na nguo mpya zitolewe 25 baada ya kurudi kanisani na si kabla. Mtoto aliyefungua gari la betri saa kumi na mbili asubuhi, kanisani mwili upo.

MjukuuWaMarangu

Nimenakili yote. La mwisho: nyimbo. Vitabu vyetu ni tofauti, tuni moja maneno mawili, na tukiimba pamoja inakuwa kelele. Kuna mwenye njia?

Mnyonge_wa_Hesabu

Chagua mbili tu, maneno ya kitabu cha wazazi, chapisha nakala 10 kwa herufi kubwa, watu wawili karatasi moja. Na aanzishe mama mwenye sauti ya kati. Vijana wa kwaya wakianzisha, do yao iko juu, wazee wanaacha beti ya kwanza.

Dada_wa_SundayScho

Nakala 12, mbili zitalowa mchuzi.